Dumu Tatu kwa Siku: Bustani ya Kiangazi Katika Mji wa Watumishi

Mvua ya Dodoma haina masihara. Kwa kawaida huanza Desemba na kukoma Aprili, na jumla yake kwa mwaka mzima ni kati ya milimita 500 na 600. Baada ya hapo huja miezi saba ambayo mtu huweza kuanika nguo uani na kwenda kazini bila kuitazama mbingu. Wenzetu waliohamia kutoka Dar es Salaam, waliozoea vuli na masika, huchukua mwaka mmoja au miwili kukubali kwamba hapa Oktoba si mwezi wa kungoja mvua, na kwamba bustani iliyokuwa kijani Machi haina sababu ya kuendelea kuwa kijani Agosti isipokuwa yupo mtu anayeibebea maji.

Nimeanza na hali ya hewa kwa sababu mjadala wetu kuhusu bustani za nyumbani huanza mahali pengine kabisa. Huanza na lishe. Katika zahanati, katika semina, na siku hizi katika hotuba za viongozi wanaozuru shule, tunaambiwa kwamba kila kaya iwe na bustani ya mbogamboga. Ushauri huo ni mwema na mimi mwenyewe nimeufuata kwa miaka kadhaa katika uwanja mdogo ulio nyuma ya nyumba ninayoishi. Lakini ushauri unaotolewa Aprili hupimwa Septemba. Ikifika Septemba ndipo mwananchi hung'amua kwamba aliambiwa apande, hakuambiwa maji yatatoka wapi, ardhi ni ya nani na mikono itakayofanya kazi hiyo ni ya nani.

Hesabu ya maji ni rahisi, na ningependa kila mwanafunzi wangu wa sera za umma aifanye angalau mara moja. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mboga za majani katika jua na upepo wa huku huhitaji kiasi cha milimita tano au sita kwa siku, na Oktoba huhitaji zaidi. Kwa hiyo kitalu cha mita mbili kwa tano, ambacho ni mita za mraba kumi, kinataka lita 50 hadi 60 kila siku. Hayo ni madumu matatu ya lita ishirini. Kwa mwezi ni madumu 90, sawa na lita 1,800, yaani hazifiki uniti mbili kwenye ankara ya maji. Kwa mwenye bomba uani, gharama hiyo haitishi hata kidogo. Kwa mpangaji anayenunua maji kwa mwenye mkokoteni, mambo hubadilika, kwa kuwa uniti moja ni madumu 50, na kila dumu lina bei yake, na bei hizo 50 zikijumlishwa huipita mbali bei ya uniti bombani. Maskini hulipia lita ileile fedha nyingi kuliko tajiri. Anapoambiwa alime mchicha ili aokoe fedha, anaombwa kununua kwa rejareja kitu ambacho jirani yake hukipata kwa jumla.

Na hayo maji yenyewe ni ya aina gani? Mji wetu kwa sehemu kubwa hunywa kutoka ardhini, katika visima vya Mzakwe vilivyomo kwenye bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Ni miongoni mwa mabonde machache barani Afrika ambayo kina chake cha maji kimepimwa kwa zaidi ya nusu karne, tangu miaka ya 1950. Wataalamu waliozichambua kumbukumbu hizo walichapisha matokeo yao mwaka 2013, na wanachosema kinapaswa kubandikwa katika kila ofisi ya mipango miji. Hifadhi ile haijazwi na mvua ya kila mwaka. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, mingi yake ikiwa ni ile ya El Niño, kama ule wa mwaka 1997/98, na kati ya msimu mmoja wa namna hiyo na mwingine huweza kupita miaka mingi ya kuteka bila kurudisha. Mtu akifungua bomba kumwagilia figili zake leo, huenda anatumia mvua iliyonyesha kabla mwanawe hajazaliwa. Nalitaja hili kwa sababu lilibadili kabisa namna ninavyolima. Sikuacha kumwagilia. Niliacha kumwaga.

Tofauti kati ya kumwagilia na kumwaga inafundishika, na hapa naomba uvumilivu wa wale waliokuja kusoma siasa. Kwanza ni umbo la kitalu. Kwetu milimani, ambako mvua ni nyingi, wazee waliinua matuta ili maji yakimbie. Hapa inafaa kuyazamisha. Chimba jaruba lenye kina cha kiganja kimoja au zaidi kidogo, changanya udongo wa chini na samadi iliyooza vizuri, na uache kingo zisimame pande zote. Maji hukaa yalipomwagwa, upepo hupita juu ya miche badala ya kupita kati yake, na udongo hubaki na ubaridi hadi saa nne asubuhi. Upepo ni adui ambaye wageni humdharau. Kuanzia Julai hadi Oktoba unavuma kutoka kusini mashariki, mkavu na wenye vumbi, na hunyonya unyevu wa majani hata siku ambayo jua si kali. Mimi nimezungushia bustani yangu mabua ya mtama upande huo, nami naamini mabua yale yameniokolea maji mengi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Pili ni matandazo. Kila kitabu cha kilimo husema funika udongo kwa nyasi kavu, nacho husema kweli, ila vitabu hivyo huandikwa na watu wasiofahamu mchwa wa Ugogo. Nyasi ulizotandaza Ijumaa unaweza kuzikuta Jumatatu zimekuwa vichuguu vidogo vya udongo mwekundu. Dawa yangu ni jivu la jikoni kuzunguka kitalu, pamoja na majani ya mwarobaini yaliyochanganywa na nyasi. Mchwa hawaishi, lakini hupungua, na kila siku ambayo matandazo yanadumu ni siku ambayo madumu matatu yanaweza kuwa mawili.

Kisha kuna chumvi. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, na anayemwagilia kidogo kidogo kila siku huona baada ya wiki kadhaa ukoko mweupe juu ya udongo, na kingo za majani zikiungua kana kwamba zimepitiwa na moto. Ni afadhali kumwagilia kwa wingi mara moja baada ya siku mbili, maji yashuke chini na kuiburuta chumvi mbali na mizizi, kuliko kulainisha uso wa ardhi kila jioni. Mwagilia alfajiri, na umwagilie udongo, si majani. Spinachi huvumilia chumvi, maharage hayaivumilii kabisa. Nyanya ni mazungumzo marefu. Ukizipanda Juni, usiku ukiwa wa baridi, hustawi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, lakini tangu mwaka 2014, alipogunduliwa nchini yule mdudu ambaye wakulima wamembatiza jina la kantangaze, kila mwenye miche kumi ya nyanya amekuwa mganga wa mimea bila kupenda. Mimi nimebakiza mitano, naikagua kila asubuhi na kung'oa majani yenye michirizi, na siipuliziii chochote ambacho nisingethubutu kukiweka karibu na watoto.

Maji ya kufulia na ya kuogea nayo yana kazi yake. Ya suuza ya mwisho, ambayo sabuni yake imekwisha nguvu, huenda kwa mapapai, kwa mlonge na kwa kile kisamvu cha mpira kilichoota karibu na ukuta. Hayaendi kwa mboga zinazoliwa mbichi. Mlonge nimeukata usizidi kimo changu, kwa hiyo hutoa majani mwaka mzima pasipo kudai zaidi ya hayo mabaki. Katika miezi ya Septemba na Oktoba, mchicha unapokimbilia kutoa mbegu kwa sababu ya joto, ni miti hii miwili inayolisha nyumba, pamoja na bamia, ambayo haijali jua.

Hata hivyo, somo kubwa kuliko yote sikulipata katika kitabu wala katika majaribio yangu. Nilipewa na jirani yangu, mama wa makamo aliyezaliwa huku huku, ambaye kila asubuhi hunisalimu kwa "Mbukwenyi, mwalimu" na kungoja nijibu kwa lafudhi yangu ya kuchekesha. Mwaka ule wa kwanza alisimama ukingoni mwa jaruba langu, akatazama chainizi na sukuma wiki nilizokuwa nikizibembeleza kwa maji ya kununua, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, hizi unazilisha wewe, au zinakulisha?" Nikamwambia tunalishana, mama. Akacheka, akaenda kwake, akarudi na kibuyu. Ndani yake mlikuwa na mlenda mkavu uliosagwa, wa kijani iliyokolea, wenye harufu ya majani ya mvua. Aliuchuma Februari porini na katika shamba lake la uwele, ambako huota pasipo kupandwa, akauanika juani, akautwanga na kuuhifadhi. Ilikuwa Septemba, naye alikuwa akila majani ya Februari.

Nimekaa na jambo hilo kwa muda mrefu. Tunapozungumza juu ya bustani ya kiangazi, huwa tunafikiria namna ya kuwalazimisha mimea wa masika kuishi nje ya msimu wao. Wagogo waliishughulikia kiangazi kwa namna nyingine: bustani yao ya Septemba hulimwa Februari na kuwekwa kwenye kibuyu. Haihitaji dumu hata moja. Na sisi watumishi, tuliokuja na vyeo vyetu na ladha zetu za pwani na za milimani, tumeujaza mji mboga zinazokunywa maji kama ng'ombe, huku mlenda mkavu tukiuita chakula cha shida. Nenda kwenye mgahawa wowote wa jirani na ofisi za serikali saa saba mchana, uone kama utaukuta kwenye orodha. Siku hizi nyumbani kwetu tunakausha majani ya kunde, ya maboga na mgagani kila ifikapo Machi, kivulini badala ya juani ili rangi isipotee, na naona fahari kuliko ninavyoona kwa ajili ya nyanya.

Isidhaniwe kuwa nataka kuupamba umaskini. Kibuyu cha mlenda hakizuii njaa peke yake, na historia ya eneo hili inalithibitisha hilo kwa ukatili. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ilipigwa na njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, neno ambalo mwanahistoria Gregory Maddox amelifasiri kwa maana ya kugombania. Ukame ulikuwepo, ndiyo. Lakini watu wa huku walikwisha kuishi na ukame kwa vizazi vingi. Kilichowaua ni kwamba majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka zao, ng'ombe wao na vijana wao wa kubeba mizigo ya vita. Ghala lilikuwa limekombwa kabla mvua haijakosekana. Kila ninaposikia kwamba kaya fulani haina lishe bora kwa sababu haina "elimu ya bustani", huikumbuka Mtunya, nikajiuliza kilichochukuliwa katika kaya hiyo ni nini, na nani aliyekichukua.

Taifa letu lina historia yake ya kuwageukia watumishi na kuwaambia wajilishe. Mwaka 1972, mkutano wa Iringa ulitupatia Siasa ni Kilimo. Miaka miwili mitatu baadaye, njaa ilipobisha hodi, kikafuata Kilimo cha Kufa na Kupona. Miaka ya 1980 mshahara ukawa haumfikishi mtu hata katikati ya mwezi, na Aili Mari Tripp ameeleza katika utafiti wake jinsi wakazi wa Dar es Salaam, wenye ajira za serikali na wasio nazo, walivyoishi kwa miradi midogo kuliko kwa mishahara. Wahadhiri wa Mlimani walifuga kuku na kulima mabondeni. Serikali iliyokuwa ikiwatazama kwa jicho kali wenye miradi ya pembeni iliishia kuikubali, kwa kuwa pasipo miradi hiyo ofisi zisingekuwa na watu. Bustani ya mtumishi ilikuwa ruzuku ambayo mtumishi aliilipa serikali yake. Sijui tuiite nini tena. Mwajiri alilipa sehemu ya mshahara, na kitalu cha mchicha kikamalizia.

Mwaka 1992 zilitungwa kanuni za kilimo cha mijini, chini ya sheria ya mipango miji ya wakati ule, zikimruhusu mkazi kulima eneo lisilozidi ekari tatu na kufuga ng'ombe wasiozidi wanne kwa kuwafungia. Ni kanuni ambazo watu wengi hawajapata kuzisikia, ilhali kila mtu amesikia juu ya sheria ndogo zinazokataza mazao marefu mjini. Mtu hajui haki yake ya kulima, lakini anajua vizuri kwamba mahindi yake yanaweza kufyekwa.

Na Dodoma ilikusudiwa iwe tofauti! Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, na mpango mkuu wa mwaka 1976, uliochorwa na kampuni ya washauri kutoka Toronto, haukuuwaza mji wa minara. Uliwaza jumuiya zilizounganishwa, zenye ukubwa wa kutembeleka kwa miguu, zenye maeneo ya kijani yanayopenya kati yake, mji mkuu wa taifa lililojiona kuwa taifa la vijiji. Waweza kuucheka mpango ule kwa ndoto zake. Wengi tumeucheka. Lakini angalia tulichojenga baada ya mwaka 2016, serikali ilipohamia kwa kasi: viwanja vidogo, kuta ndefu, na ua uliosakafiwa wote kwa vitofali vya saruji ili vumbi lisiingie sebuleni. Mvua ikinyesha Januari, maji hutiririka juu ya sakafu hizo hadi barabarani na kuleta mafuriko ya saa mbili. Ikifika Agosti, sakafu hizohizo huchemka. Mpangaji anayetaka bustani katika ua wa namna hiyo hubaki na viroba na ndoo zilizotoboka. Zinafaa, nimeziona zikistawi: gunia lenye mawe katikati ili maji yashuke sawasawa, matembele yakichungulia ubavuni. Lakini gunia hukauka upesi kuliko ardhi, na mwenye nyumba akipandisha kodi, bustani hupakiwa kwenye guta pamoja na kitanda.

Ndiyo maana mboga nyingi tunazokula mjini wakati wa kiangazi hazitoki katika nyua zetu. Zinatoka kwenye makorongo. Mvua ikikoma, mchanga wa korongo huendelea kuficha maji kwa miezi, na wanawake huchimba visima vifupi, wakateka kwa ndoo na kumwagilia vitalu vilivyopangana kama mikeka. Umbali wa robo saa kutoka ninapoishi kuna kipande cha namna hiyo, kinachotumiwa na wanawake wapatao kumi na wanane. Jirani yangu wa kibuyu ni mmoja wao. Mchicha ninaoununua wiki ambazo wangu umegoma hutoka hapo, na nadhani hata baadhi ya wale wanaotoa semina za lishe hula kutoka hapo.

Mwezi Julai wanawake hao walipewa barua. Kipande kile kimetajwa kuwa eneo la wazi lililo ndani ya mita 60 kutoka kwenye korongo, kwa hiyo shughuli zote za kibinadamu zisimame ifikapo tarehe 30 Septemba, na mahali pake papandwe nyasi na maua ili kupendezesha mandhari. Sitaitaja ofisi iliyoandika barua hiyo. Waliomo ni watu ninaokutana nao, na baadhi walipita darasani kwangu. Sheria waliyoitaja ipo. Ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, nayo ina sababu za msingi. Kingo za korongo zikilimwa hadi ukingoni humomonyoka, na dawa za wadudu zikimwagika huingia majini. Nimewaambia hivyo akina mama wenyewe, na walikuwa wakijua zaidi yangu, kwa kuwa ndio wanaopoteza vitalu kila Januari korongo linapofurika. Wameacha ukanda wa matete ukingoni tangu zamani, bila kuagizwa na mtu.

Nisichoweza kukielewa ni zile nyasi. Mita moja ya mraba ya nyasi za bustani huhitaji maji katika Oktoba ya Dodoma kama inavyohitaji mita moja ya mchicha, na tofauti yake ni ndogo mno kuifanyia sera. Nyasi nazo hukatwa, hupigwa dawa, humwagiliwa na mtu mwenye mpira wa maji. Ikiwa kumwagilia ndani ya mita 60 ni shughuli ya kibinadamu pale mama anapotumia ndoo, ni kwa hoja gani inakoma kuwa shughuli ya kibinadamu pale mzabuni anapotumia mpira uliounganishwa na visima vya Mzakwe? Mama hutumia maji ya mchangani, ambayo yatapotea Novemba kwa vyovyote. Nyasi zitatumia ile akiba ya mwaka 1998.

Niliambatana nao kwenye kikao cha kata. Sikuzungumza sana; mhadhiri akizungumza sana katika kikao cha namna ile, kikao hugeuka kuwa chake. Nilichofanya ni kuandika barua yao kwa namna ambayo mafaili yetu huielewa: nikataja kanuni za mwaka 1992, nikapendekeza ukanda wa mita kadhaa usilimwe kabisa bali upandwe miti na matete, na sehemu iliyobaki itambuliwe kama eneo la kilimo cha mboga la msimu, lenye masharti ya dawa na mbolea. Ofisa aliyeipokea alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo mwalimu," akasema, akaigonga mhuri, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye binafsi haoni tatizo, ila kwenye ramani rangi ya eneo lile ni ya kijani, na kijani maana yake ni mapumziko. Nikamuuliza kama mchicha una rangi gani. Akatabasamu, akasema ataipeleka mbele.

Kuna suala moja zaidi, nalo ni la ndani ya nyumba zetu sisi tunaosoma na kuandika makala kama hizi. Bustani nyingi za watumishi humwagiliwa na binti wa kazi. Yeye ndiye anayeamka saa kumi na moja, ndiye anayebeba dumu la kilo ishirini mara tatu, kisha apike chai. Tukipiga hesabu ya fedha tulizookoa kwa kulima mboga, hatulipi kazi hiyo. Hatuiweki hata kwenye hesabu. Nyumbani tulikubaliana kwamba bustani ni ya wale wenye kuitaka. Kila mmoja ana jaruba lake na anabeba maji yake, na binti anayetusaidia ana lake, ambalo mazao yake huyauza mwenyewe mtaani. La kwake ndilo linalostawi kuliko yote, na hakuna anayeshangaa.

Barua ya akina mama bado haijajibiwa. Wiki iliyopita nilipita korongoni jioni, nikawakuta wakiwa na mjadala usiohusu siasa hata kidogo: wapande nini kwa mara ya mwisho, kama ni ya mwisho. Chainizi hukaa muda mrefu mno. Mchicha, ukipandwa mbegu kwa kusia na ukapata maji ya kutosha, huvunwa kwa kung'olewa katika wiki ya nne. Jirani yangu alihesabu kwa vidole kurudi nyuma kutoka tarehe 30, akafika tarehe 2. Walisia siku hiyo, vitalu vyote kumi na vinane kwa pamoja, na sasa umeshatoa majani manne.